Fahali Aliyezoea Kelele

Juzi redioni walikuwa wanabishana kama fataki zizuiwe au ziachwe, kwa sababu zinatisha farasi na mbwa na paka za watu. Nilikuwa jikoni hapa Homa Bay napara samaki. Mtangazaji alicheka, akauliza farasi wenyewe hapa kwetu ni wa nani, na mbwa wa kwetu ni mbwa gani huyo wa kuogopa mlio wa sherehe wakati hata mawe ya watoto ameyazoea. Watu wakapiga simu kucheka naye. Mmoja akasema hayo ni mambo ya wazungu kulaza mbwa kitandani. Nilizima redio kwa kidole chenye magamba na mpaka leo kitufe kinanuka. Sina farasi. Paka niliye naye si wangu, anajileta tu. Nina mtoto wa miaka minne anayeitwa Hawi, nina shangazi anayetembea kwa fimbo, na mwezi uliopita tulimzika baba mkwe wangu. Nikipiga simu redioni watanipa nusu dakika kisha waweke wimbo. Kwa hivyo nimeamua kuandika.

Programu ya mazishi ilitumwa kwenye grupu la familia siku ya Jumatano. Ibada, hotuba, chakula, na mchana kabla ya kuzika, tero buru. Kwa mtu asiyejua, tero buru ni desturi yetu Wajaluo mzee akifa. Vijana hukusanya ng'ombe, hujifunga majani ya bombwe kichwani na kiunoni, wakapiga ngoma na firimbi, wakakimbia na wanyama hadi mpaka wa kijiji na kurudi, ili kifo kifukuzwe kabisa kisizoee pale nyumbani. Mbele ya ng'ombe hutangulia fahali. Hiyo sina shida nayo. Chini ya tero buru, shemeji yangu Tobias alikuwa ameongeza mstari mmoja: fataki, ng'ombe wakiingia bomani. Tobias anafanya kazi hoteli moja kule visiwani, na katoni ilikuwa imebaki huko tangu wageni washerehekee mwaka mpya. Niliandika kwa adabu zangu zote kwamba kutakuwa na ng'ombe na watoto, tafadhali zisiwashwe. Tobias akajibu, "Shem, relax. Mzee ataondoka kama mfalme." Binamu wakatuma vikatuni vya kucheka. Kisha mmoja wao, akiniita binti wa Uriri kwa Kijaluo, akaandika, "Nyar Uriri, ng'ombe wa huku wamezoea kelele. Labda wa kwenu ndio waoga." Nilisoma hayo maneno mawili, wamezoea kelele, nikaweka simu chini. Nimewahi kuyasikia, yakisemwa na mtu ninayempenda kuliko hao wote. Mume wangu alikuwa kwenye kiti anavua viatu. Akasema, "Mama Hawi, wewe ni mke wa hapa, si kamati. Nipe amani mpaka Jumamosi." Nikampa chakula. Amani sikuwa nayo.

Mwaka niliposikia maneno hayo mara ya kwanza nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nasubiri kwenda chuo cha ualimu. Nilikuwa nakaa kwa shangazi Dorsila upande wa Uriri, barabara ya kuelekea Ogwedhi. Kwa nini sikuwa kwetu ni habari nyingine na haimhusu mtu. Shangazi, ambaye sisi tunamwita Waya kama Mjaluo yeyote anavyomwita dada ya baba yake, alikuwa mjane, mkubwa wa mwili, sauti yake ikisikika ng'ambo ya shamba la miwa. Alikuwa na nyumba ya bati yenye viti vya vitambaa vilivyoshonwa maua, na hakuna aliyevikalia ila kasisi. Maisha yote yalikuwa jikoni, kibanda cha udongo cha mviringo, dari nyeusi kwa moshi, kuku chini ya kikapu, mafiga katikati, na juu ya moto uchaga wa miti wa kukaushia nyama na mahindi ya mbegu. Nililala humo kwa kupenda mwenyewe. Asubuhi tulikunywa uji wa mtama na muhogo ulioshika mdomo kwa uchachu, mchana tukala kilichobaki, na jioni ugali mweusi kwa dagaa wa omena au mboga chungu ya osuga iliyolazwa na maziwa. Nje, ukuta uleule nilioegemea nikilala, alifungwa fahali aitwaye Rateng', jina lake ni Mweusi tu. Akijikuna ukuta ulitikisika na vumbi likaniangukia usoni. Nilizoea kulala nikisikia akicheua. Ni sauti ya kutuliza, kama mtu anayesaga kitu bila haraka ya kumaliza.

Shangazi alimnunua soko la Ogwedhi akiwa ndama asiyejua kula majani vizuri, akamlisha kwa mkono. Kumwita kulikuwa neno moja, "Bi," yaani njoo. Alilisema akiwa jikoni anageuza ugali, bila kupaza sauti, na yule mnyama mkubwa aliacha vilele vya miwa mdomoni na kuja mlangoni kuchungulia, pembe moja ikiwa imeinama chini kama sikio. Alikuwa akilima na ng'ombe wa jirani msimu wa mvua. Lakini sifa yake ilikuwa kwenye mazishi. Ukoo usio na fahali wa maana ulikuja kumwomba Rateng' atangulie tero buru, na shangazi alimtoa kwa majivuno kama anayetoa bwana harusi. Ngoma hazikumsumbua. Firimbi hazikumsumbua. Vijana wamelewa wanapiga kelele nyuma yake na marungu juu, yeye anakimbia wastani, kichwa juu, anaingia boma la wafiwa na kusimama pale anapotakiwa. Wazee walimsifu hadharani. Shangazi alijifanya hasikii, kisha tukifika nyumbani ananiambia nirudie maneno yao.

Mwishoni mwa mvua mzee Onditi akafa, jirani wa shamba la tatu. Mwanawe Fred alikuja kutoka Mombasa na suruali nyeupe. Alikuwa mtu mzuri, niseme ukweli. Alilia kwa sauti, alinunua sukari, aliwasalimu wazee wote kwa majina. Nilitumwa kwenda naye Migori kusaidia kubeba vikombe na majani ya chai, na tulipomaliza akaingia duka la Mwislamu mmoja wa pwani, mzee wa kofia na Kiswahili kilichonyooka, aliyeuza vyombo, mapazia na vitu vya sherehe. Fred aliuliza kama ana fataki. Yule mzee akazitoa chini ya kaunta.

"Hizi huchukuliwa kwa harusi na Idi," akasema. "Nyinyi mwaoza nani?"

"Tunazika. Babangu."

Yule mzee akamtolea maneno ya pole ya dini yao, polepole. Kisha akauliza, "Naye marehemu alikuwa akizipenda?"

"Hajawahi kuziona maishani."

"Basi na sasa hatoziona."

Fred akacheka huku macho yakiwa na machozi, akalipa. Nami nilicheka. Tulirudi tumekumbatia vikombe. Jioni hiyo Fred akaja jikoni kwetu kuomba fahali rasmi, akakaa kwenye kigoda goti juu kwa sababu ya suruali, akapewa chai. Aliuliza swali zuri, swali ambalo Tobias hakuwahi kuuliza. Alisema, "Mama, kuna vitu nimeleta vya kupasuka juu, vya kumuaga mzee. Si Rateng' atashtuka?"

Shangazi alikuwa anachagua omena kwenye ungo. Hakuinua hata kichwa. "Rateng'? Huyo amezoea kelele tangu ndama. Radi ikipiga mimi ndio naruka, yeye anacheua. Pasua."

Ndivyo alivyosema. Hakulazimishwa na mtu. Ndiyo maana nikiona wajuaji wa leo wakiyarudia maneno yale siwezi kusema ni wajinga. Shangazi hakuwa mjinga. Alimjua yule fahali kuliko alivyonijua mimi, na bado alikosea, kwa sababu alikuwa anahesabu kelele zote kuwa ni kitu kimoja.

Siku ya mazishi ilikuwa jua kali. Wanawake tulikuwa upande wa ghala la mahindi, kwenye masufuria, mimi nikipondaponda viazi na shangazi akionja mchuzi wa watu bila kuombwa. Tulisikia ngoma zikirudi kutoka mpakani, halafu vumbi, halafu bombwe za kijani zikirukaruka, na mbele ya yote Rateng', mweusi, anang'aa jasho. Shangazi alijifuta mikono kwa leso ili amwangalie vizuri. Alipoingia tu langoni Fred akawasha. Mchana fataki hazina rangi, hiyo mjue. Hakuna maua wala nyota. Ni moshi kidogo na mlio, na mlio ule haukutoka nyuma ambako kelele zake zote hutoka, ulitoka juu, mbele, pasipo na mtu. Ya kwanza ilimsimamisha ghafla, ng'ombe wa nyuma wakamgonga. Ya pili ikamzungusha. Watu wakakimbia, turubai likaanguka upande mmoja juu ya wazee. Aliyewasha hakuweza kuzizima, zilikuwa zimefungwa pamoja kwa utambi mmoja, ikiisha hii inakuja ile. Na shangazi yangu, akimwona mnyama wake anazunguka akitafuta pa kwenda na macho meupe, akafanya alichofanya kila siku ya maisha yake. Akaita, "Rateng', bi. Bi."

Akaja.

Sijui nieleze vipi kwa mtu asiyekuwepo. Hakuinamisha pembe. Fahali anayetaka kupiga mtu anainama, nimewaona. Huyu alikuja kichwa juu, masikio mbele, kama anavyokuja mlangoni jioni, ila mbio zote na uzito wote, na mlio wa tatu ukapasuka akiwa hatua chache kutoka kwetu, akashindwa kusimama. Alimbana shangazi kwenye nguzo ya ghala. Nguzo ilivunjika, na nyonga pia. Kisha yule mnyama akasimama hapohapo juu yake, anatetemeka, mkojo unamtiririka, hataki kuondoka. Ilibidi wanaume wanne wamsukume. Walipompiga hakurusha hata teke.

Wakati shangazi anapakiwa nyuma ya gari kupelekwa hospitali Migori, nilisikia wazee wakiongea kando ya gari. Mmoja alisema fahali aliyemwaga damu ya mtu matangani hawezi kulala hai. Mwingine akasema mzee Onditi ndiye ameingia ndani yake, maana waligombana na Dorsila juu ya mpaka wa shamba. Wa tatu akasema ng'ombe wa Ogwedhi ni wa Wamasai, hata ukimlea vipi damu ya mwituni itatoka. Hakuna aliyesema neno fataki. Makaratasi yake mekundu yalikuwa yametapakaa kwenye majani, kuku wanayadonoa. Rateng' alichinjwa kabla jua halijatua, akapikwa kwa masufuria niliyokuwa nimeyasugua mimi.

Shangazi alirudishwa nyumbani baada ya majuma, amelazwa chali, na hakutaka nyumba ya bati. Alitaka jikoni. Tukamwekea kitanda pale nilipokuwa nalala, mimi nikahamia upande wa kuku. Familia ya Onditi walikuwa wameleta fungu letu la nyama, paja zima lililokatwa vipande na kukaushwa, aliya tunavyoiita, wakaning'iniza kwenye uchaga juu ya moto kwa heshima. Kwa hivyo alilala chini yake. Kila alipofungua macho alimwona Rateng' amening'inia. Nilitaka kuiondoa ile nyama nimpe mtu. Siku ya pili akasema, "Ile aliya itapikwa lini?"

Nikasema, "Waya, hiyo siwezi."

"Utaweza. Loweka, weka karanga. Nimemlisha miaka sita. Na yeye anilishe."

Nikapika. Tulikula. Ilikuwa tamu, sitaki kudanganya, na yeye alilia huku anatafuna, bila kuacha kutafuna, na akaomba mchuzi zaidi wa kumalizia ugali. Nimekula nyama nyingi tangu hapo na hakuna niliyoifikiria hivyo.

Mwaka wote uliobaki nilikuwa nasikia watu. Wageni walikuja kumpa pole, wakakaa kwenye kigoda, na mimi nikiwa nje nafua mashuka nikawasikia kupitia ukuta uleule. Kila mmoja alikuja na sababu yake. Kwamba alivaa leso nyekundu. Kwamba mwanamke hasimami karibu na ghala ng'ombe wakiingia. Kwamba ni kijicho. Walilaumu nguo, pepo, Wamasai, marehemu na fahali, na chai ikaisha. Aliyewasha hakutajwa, kwa sababu aliyewasha alikuwa mfiwa na mfiwa hasemwi. Fred mwenyewe alikuja kuaga kabla ya kurudi Mombasa, na mkate na soda. Alisimama mlangoni akashindwa kuingia mpaka akaambiwa. Akasema, "Pole Mama. Ajali haina kinga."

Shangazi alimtazama kutoka kitandani. "Ajali hainunuliwi dukani, mwanangu," akasema. "Hii uliinunua Migori. Huyu msichana alikuwepo." Kisha akamwambia aketi anywe soda yake kabla haijapata moto, na wakaongea juu ya bei ya mahindi.

Chuo sikwenda. Nafasi ilipofika hakukuwa na mtu mwingine wa kumgeuza. Silalamiki, naeleza tu kilichotokea. Watu hudhani kumwosha mtu mzima ni kazi ya mikono, kumbe ni ya mdomo, lazima uongee kitu kingine wakati wote ili mwenye mwili asione aibu. Kwa hivyo tuliongea. Ndivyo siku moja, nikimpaka mafuta mgongoni, nikamwambia kile kilichokuwa kinaniuma, kwamba watu wanamwita Rateng' mkali.

"Alikuwa anakuja kwangu," akasema. "Nilimwita."

"Najua, Waya."

"Mimi nilifikiri amezoea kelele. Yule hakuzoea kelele. Alituzoea sisi. Aliyepiga ngoma ni Owiti, mtoto wa hapa, anamletea majani. Mwenye firimbi anamjua. Zile zilikuwa sauti za watu. Sasa kile kingine kilikuwa sauti ya nani?"

Alipoanza kutembea kwa fimbo alinunua ndama mwingine, na mwingine. Sikumsikia tena akisema bi. Wanyama wake wote tangu hapo huongozwa kwa kamba au kuswagwa kwa kijiti kutoka nyuma. Hata kuku aliwarushia mahindi kimya.

Kwa hivyo Jumatano ile, mume wangu alipomaliza kula, nilitoka nje na simu nikampigia shangazi. Wakili wangu ni yeye tu. Nikasema, "Waya, tunamzika baba mkwe Jumamosi. Wanataka kupasua fataki ng'ombe wakiingia. Nimewaambia, wamecheka. Hawi atakuwa pale."

Akauliza, "Wakwe tunatarajiwa saa ngapi?"

"Kabla ya tero buru."

"Sawa. Mwambie mama mkwe wako tunakuja na fahali." Akakata.

Nilikasirika. Nilidhani hajanisikia, au amezeeka. Mimi namwambia kuna moto, yeye anasema ataleta nyasi. Jumamosi nikamfunga Hawi mgongoni ingawa ameshapita umri wa kubebwa, miguu yake ikining'inia mpaka magotini kwangu, wake wenzangu wakinicheka kwamba nabeba bibi. Tobias alikuwa ameshaweka katoni kwenye meza ndogo kando ya lango, na kibiriti juu yake. Ng'ombe walikuwa wameondoka na vijana kuelekea ziwani. Ndipo gari la mizigo likaja kutoka barabara kubwa, likasimama, baba zangu wadogo wawili wakateremsha fahali mwekundu, mchanga, mzuri sana, na shangazi yangu akateremshwa baada yake, na fimbo yake, na kofia ya kanisa.

Walitembea hadi langoni, wakasimama. Wimbo wa kuwapokea ukaanza. Hawakusogea. Wimbo ukaimbwa ukaisha, ukarudiwa. Ninyi wasomaji wa mbali lazima mwelewe maana yake. Wakwe wakija kuzika, ndio wageni wa kwanza kuangaliwa, hata sahani zao hutengwa. Mkwe aliyesimama nje ya lango lako na mnyama wake mkononi, mbele ya watu wanaopita barabarani, ni aibu ambayo wajukuu wataimbiwa. Tobias akaenda mbio.

"Karibuni, wakwe, karibuni ndani. Mbona mmesimama juani?"

"Tuko sawa," shangazi akasema. "Tuleteeni kiti tu."

"Kiti kiko ndani, Mama. Hema lenu liko tayari."

"Hicho nini hapo mezani?"

"Hizo? Ni fataki tu, Mama. Za kumpa mzee heshima."

"Basi sisi tutakaa hapa mpaka heshima iishe. Huyu ni mnyama mgeni, hajawazoea." Akapewa kiti na mtu asiyejua anachofanya, akakaa, mguu mmoja umenyooka mbele kama unavyonyooka siku zote, katikati ya lango. Hakuna ng'ombe angeweza kupita hapo. Watu walianza kujaa barabarani. Mwendesha boda mmoja akazima pikipiki yake kabisa ili asikie.

Tobias akaniona. Akaja, akasema chini kwa chini, "Shem, ongea na watu wako bana. Wanatuaibisha."

"Mimi si kamati," nikamwambia.

Habari ikafika ndani, pale mama mkwe alipokaa kando ya jeneza. Mjane hatoki akapiga kelele langoni, kwa hivyo akatuma mtu kuuliza wakwe wanangoja nini. Jibu likarudi. Nilikuwa dirishani na nilimsikia. Hakuuliza zaidi. Alisema, "Tobias ameleta nini cha kumshinda mkwe? Mwambie atoe. Baba yake alikuwa akiziba masikio hata kinanda kikipigwa." Hilo sikulijua. Miaka yote nimeishi katika nyumba ile, na nilikuwa nimebishana juu ya ng'ombe, kumbe hata mzee mwenyewe hakupenda kelele.

Tobias aliibeba katoni kwa mikono miwili, uso umemvimba. Shangazi akamwonyesha kwa fimbo nyuma ya gari, palipokuwa na kinyesi cha fahali. Akaiweka humo. Iko Uriri hadi leo, imemwagiwa debe la maji, na naambiwa kuna kuku anaatamia juu yake. Tobias hawezi kusema nilimpokonya. Alimpa mkwe.

Nimeulizwa baadaye, na mume wangu pia, kama nataka fataki zizuiwe, kwa nini nisianze na ngoma zetu wenyewe. Ni swali la haki. Ngoma ina mtu nyuma yake. Ng'ombe akianguka mpigaji ataona, ataacha, na kesho atakutana naye njiani. Utambi ukishawashwa hakuna mtu tena. Nataka zizuiwe penye wanyama na watoto, na anayetaka kuwasha akaombe kwa majirani uso kwa uso, na asimame yeye mbele ya ng'ombe badala ya nyuma ya ghala. Wenye farasi na paka waseme ya kwao. Sioni cha kuwacheka.

Ng'ombe wakarudi kutoka ziwani na ngoma zao, vumbi mpaka machoni, Hawi akanikaba shingo kwa mikono yote miwili halafu akaanza kuchungulia. Sasa yule fahali mwekundu, kwa heshima ya wakwe, alikuwa ashike nafasi ya mbele kuingia bomani. Baba mdogo akavuta kamba. Fahali akakaza miguu. Umati mgeni, bombwe, firimbi, akawa anapuliza pua na kurudi nyuma, na kijana mmoja akanyanyua fimbo ampige. Shangazi alikuwa ameshanyanyuka kutoka kitini na kuingia ndani ya boma, hatua chache tu, peke yake kwenye uwanja mtupu. Akamwashiria kijana ashushe fimbo. Akamwambia baba mdogo alegeze kamba. Nilimwona akishika fimbo yake kwa mikono miwili na kuupanga vizuri ule mguu. Nikajua anachotaka kufanya.

"Bi," akasema.

Fahali akainua masikio. Akaja akitembea.